Mustang, Camaro na Jamaa Zao Nairobi: Kutafuta Kasoro Baada ya Kuboresha Chasisi na Springi

Magari ya Kimarekani yenye injini kubwa za V8 yaliyotoka viwandani kati ya 1964 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yaani Ford Mustang, Chevrolet Camaro na Chevelle, Dodge Charger na mengine ya ukoo huo, yalisanifiwa kwa barabara pana zilizonyooka, kwa matairi ya krosiplai (ya kizamani, yenye nyuzi zinazopishana kimshazari) na kwa dereva aliyetaka usukani mwepesi. Mwenye gari kama hilo Nairobi anapoliwekea springi fupi, shoki za kisasa, usukani wa reki (unaosukuma magurudumu kwa fimbo yenye meno badala ya boksi) na breki za diski, hutarajia likamate kona kama gari la leo. Mara nyingi hulipata hilo, lakini pamoja nalo huja kasoro ambazo gari halikuwa nazo, na malalamiko yanayofika gereji hufanana sana hata magari yenyewe yakiwa tofauti.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, visababishi vimefuatana kuanzia kile kinachopatikana mara nyingi hadi kile cha nadra, na uchunguzi rahisi umetangulia kazi nzito. Jambo moja litajitokeza tena na tena: kasoro nyingi hazitokani na kifaa kibovu bali na kimo cha gari kilichobadilishwa huku vilivyotegemea kimo hicho vikiachwa kama vilivyokuwa. Kwa sababu hiyo, nawasihi wenye magari wapime kabla ya kununua kifaa kingine chochote, na wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Maandalizi

Egesha gari kwenye sakafu iliyothibitishwa kwa pima maji kuwa tambarare, jaza upepo matairi yakiwa baridi, kisha pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake. Andika vipimo hivyo vinne. Tofauti ya zaidi ya milimita 10 kati ya kushoto na kulia inahitaji kuelezwa kwanza, kwa kuwa kila kipimo kitakachofuata kitapotoshwa nayo.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi chini ya sehemu imara za chasisi, usukume gari kwa mkono kulijaribu, ndipo uingie. Springi za koili za mbele hubanwa kwa nguvu inayoweza kuua zikichomoka, kwa hiyo asiye na kibanio kinachofaa gari husika, na ambaye hajawahi kukitumia chini ya uangalizi, amwachie fundi mwenye uzoefu kazi ya kuzitoa.

Bolti za magari haya ni za inchi, ilhali rafu nyingi za maduka ya Barabara ya Kirinyaga zimejaa za milimita. Bolti ya milimita inayokaribia kuingia si mbadala. Kichwa cha bolti ya inchi ya daraja la 8 kina mistari sita na cha daraja la 5 kina mistari mitatu. Mahali palipokuwa na daraja la 8 pasirudishwe daraja la chini. Vitabu vya Kimarekani hutaja nguvu ya kukaza kwa pauni-futi, nawe utazidisha kwa 1.356 upate newton-mita.

Gari linavuta upande mmoja

Hili ndilo lalamiko linalotangulia mengine yote, na Nairobi lina sababu ambayo vitabu vya Marekani haviwezi kuitaja. Barabara hujengwa na mgongo ili maji yatiririke pembeni. Kwa kuwa sisi huendesha kushoto, barabara chini ya gari letu huinamia kushoto, ilhali Marekani huinamia kulia. Gari lililopangwa magurudumu kwa kufuata karatasi ya Kimarekani iliyokwisha kufidia mwinamo wa kulia litavutwa kushoto maradufu likifika hapa, hata kama kila kipande chake ni kipya.

Anza na upepo wa matairi, kisha badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, ikiwa mchoro wake unaruhusu. Mvuto ukigeuka upande, tatizo ni tairi. Soma pia tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Gari la kale hutembea kidogo, na tairi lake huzeeka likiwa bado na meno marefu. Lililozidi miaka sita lichunguzwe kwa makini, na lenye nyufa ubavuni litolewe.

Kinachofuata ni breki inayokwama. Endesha kilomita chache bila kufunga breki sana, simama, kisha ulinganishe joto la magurudumu mawili ya mbele kwa kipimajoto cha mionzi au kwa kusogeza kiganja karibu bila kugusa chuma. Gurudumu lenye joto zaidi ndilo linalovuta.

Hayo yakiwa salama, nenda kwenye alainimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu. Takwimu za kiwandani za miaka ya 1960 ziliwekwa kwa ajili ya krosiplai, na baadhi zilitaka kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni) iliyokaribia sufuri. Kwa matairi ya radiali (ya kisasa) na matumizi ya barabarani, pa kuanzia pazuri ni kamberi hasi (sehemu ya juu ya gurudumu ikiinamia ndani) ya nusu digrii hadi digrii 1, kasta chanya ya digrii 3 hadi 5 ikiwa usukani una msaada wa haidroliki (isiyo na msaada huo ibaki karibu na 2 hadi 3, la sivyo mikono itachoka), na ncha za mbele za matairi zikielekeana kwa jumla ya milimita 1.5 hadi 3. Gari huvutwa kuelekea upande wenye kasta ndogo. Kwa hiyo, mwombe fundi wa alainimenti aongeze kasta ya kushoto kwa robo hadi nusu digrii kuliko ya kulia, ili gari lijisaidie dhidi ya mwinamo wa barabara zetu. Mashine nyingi mjini hazina takwimu za magari haya, na zikiwa nazo ni zile za krosiplai. Nenda na zako zimeandikwa kwenye karatasi, na uondoke na chapisho la vipimo vya kabla na baada.

Sababu ya nadra, lakini ambayo hupotezea watu fedha nyingi, ni ekseli ya nyuma isiyokaa mraba. Kila springi ya majani ina bolti ya katikati inayoingia katika tundu la kitako cha ekseli, na bolti hiyo ikikatika au kitako kikifungwa bila kuingia tunduni, ekseli huteleza na gari hutembea kiubavu. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma pande zote mbili magurudumu yakiwa yamenyooka. Kwa Mustang ya 1965 kipimo hicho ni milimita 2,743. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 6 hivi, na bolti za katikati ni nzima, teremsha timazi kutoka nukta zinazolingana za chasisi, weka alama za chaki sakafuni, na upime mishazari. Mishazari isiyolingana maana yake ni chasisi iliyopinda, na hapo kazi ya mwenye gari imekwisha: inahitaji meza ya kunyooshea bodi na mtu aliyezoea kuitumia.

Gari linatangatanga na usukani una nafasi tupu

Mtu mmoja akae kwenye usukani na kuutikisa taratibu kushoto na kulia huku magurudumu yakiwa chini, na mwingine atazame kila kiungo kuanzia juu. Kiungo kinachosogea upande mmoja kabla ya kinachofuata kuanza kusogea ndicho chenye nafasi. Mara nyingi ni raba inayounganisha fimbo ya usukani na boksi, au mkono wa kati unaoshikilia fimbo ya magurudumu upande usio na boksi, au tairodi, yaani fimbo inayosukuma gurudumu ligeuke.

Boljointi, yaani kiungo cha mpira wa chuma ambacho gurudumu hugeukia, huhitaji akili zaidi, kwa kuwa namna ya kuikagua hutegemea mahali springi ilipokaa. Katika Mustang ya miaka hiyo springi hukaa juu ya mkono wa juu (chuma cha juu kati ya viwili vinavyoshikilia gurudumu kwenye chasisi), hivyo mzigo wa gari unapitia boljointi ya juu. Weka kipande cha mbao ngumu kati ya mkono huo na chasisi, inua gari kwa chasisi, kisha tikisa gurudumu. Katika Camaro na Chevelle springi hukaa kwenye mkono wa chini, kwa hiyo jeki iwekwe chini ya mkono wa chini, nje kabisa karibu na gurudumu. Anayekagua bila kuondoa mzigo atatangaza kuwa boljointi iliyokwisha ni nzima, na hilo ni kosa la hatari kuliko yote katika sehemu hii.

Ikiwa viungo vyote ni vizima, ndipo boksi la usukani lirekebishwe. Skrubu ya juu hukazwa usukani ukiwa katikati kamili, kidogo kidogo, na baada ya kila robo mzunguko usukani ugeuzwe mwisho hadi mwisho. Ukihisi unakaza katikati au haurudi wenyewe baada ya kona, umepita kiasi na meno ya ndani yanaliwa. Boksi linalohitaji kukazwa hivyo kila baada ya miezi michache limechakaa na linafaa kufunguliwa na mtaalamu.

Baada ya yote hayo, kasta ndogo mno hufanya gari zima litangetange hata vifaa vikiwa vipya.

Usukani unajigeuza kwenye mashimo na matuta

Dereva hushika usukani sawa, gurudumu moja linapanda tuta, na gari linaruka hatua kuelekea pembeni. Kiini chake ni kwamba tairodi na mkono wa chini huchora tao zisizolingana gurudumu linapopanda na kushuka, hivyo gurudumu hujigeuza bila dereva kuambiwa.

Kisababishi cha kwanza ni kushusha gari. Watengenezaji walipanga tairodi ilingane na mikono gari likiwa katika kimo chake cha awali. Lishushe milimita 50 na ulinganifu huo huharibika. Cha pili ni usukani wa reki uliofungwa juu mno, chini mno, au wenye urefu usiolingana na umbali wa mikono. Cha tatu, ambacho hapa Kenya hakina budi kutazamwa, ni kuhamishwa kwa usukani kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono wa boksi na mkono wa kati hubadilishana upande, na aliyeifanya kazi hiyo asipolinganisha kimo chao, gurudumu moja hujigeuza kuliko lingine. Gari linalorukia upande uleule kila mara lina dalili hiyo.

Vifaa vya kupima ni vichache. Toa springi (kwa tahadhari iliyokwisha kutajwa), rudisha mikono na shoki iwe huru, funga ubao bapa kwenye kitovu cha gurudumu, na usimamishe viashiria viwili sakafuni vinavyougusa ubao mbele na nyuma. Inua gurudumu kwa jeki kutoka kimo cha kawaida, milimita 25 kila mara hadi 50 juu, kisha 50 chini, ukiandika tofauti ya viashiria. Kwa gari la barabarani naridhika na badiliko lisilozidi milimita 1 hadi 2 katika safari hiyo yote. Likizidi, badilisha kimo cha ncha ya nje ya tairodi kwa kutumia ncha inayokubali bushi za kupangia kimo, au sogeza reki yenyewe ikiwa vishikio vyake vinaruhusu. Kila badiliko lifuatwe na kipimo kipya.

Wenye Mustang wengi hupenda kuteremsha kiegemeo cha mkono wa juu kwa milimita 25, kama Shelby GT350 ya 1965, Mustang iliyoandaliwa kwa mashindano, ilivyofanyiwa. Ni mojawapo ya maboresho yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, kwa sababu gurudumu la nje hukaa wima zaidi kwenye kona. Matundu mapya, hata hivyo, yatobolewe kwa kielelezo sahihi, na kujigeuza kwa magurudumu kupimwe upya.

Onyo lisilojadiliwa: tairodi au mkono wa usukani haupashwi moto, haupindwi wala hauchomelewi ili kupata kimo. Ukikuta alama za moto au za kuchomelea kwenye kipande chochote cha usukani, gari lisiendeshwe mpaka kipande hicho kibadilishwe.

Gari linagonga chini, linadundadunda au linaumiza mgongo

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana zaidi na mahali vifaa hivi vilipobuniwa, na ndipo nitakapokaa kidogo. Springi na shoki zinazouzwa kama seti ya mashindano huchukulia kwamba lami ni laini. Gari letu litapanda tuta lisilopakwa rangi kwenye barabara ya mtaa, litapita mashimo yanayofunguka baada ya mvua za Machi hadi Mei, na litatumia Barabara ya Expressway, ambako viungio vya daraja hupiga magurudumu kwa mfuatano. Linahitaji safari ya gurudumu, na safari hiyo ndiyo hukatwa kwanza gari linaposhushwa.

Funga utepe mwembamba wa plastiki kwenye fimbo ya shoki, ukaukaze kiasi cha kuteleza kwa shida, usukume hadi chini kwenye mwili wa shoki, kisha uendeshe njia yako ya kila siku. Mahali utepe utakapobaki ndipo shoki ilipofikia. Ukifika mwisho wa fimbo, shoki inagonga ndani kwa ndani na itakufa mapema. Kama nafasi kati ya mkono na raba ya kuzuia kugonga ni chini ya milimita 70 gari likiwa limesimama, usitarajie utulivu kwenye barabara zetu.

Visababishi hufuatana hivi. Kwanza kabisa ni shoki ndefu za awali zilizoachwa kwenye gari lililoshushwa. Pili ni raba za kuzuia kugonga zilizotolewa au zilizokatwa ili kupata nafasi. Zirudishwe, za aina laini inayobonyea polepole. Tatu ni springi zilizokatwa. Springi ya koili iliyokatwa mzunguko huwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa, na ile iliyopashwa moto ili ilale hupoteza ugumu wake wa chuma na kuendelea kushuka, upande mmoja kuliko mwingine. Springi iliyopashwa moto haitengenezeki. Kinyume chake pia huonekana: mtu amechoka kugonga chini, akaingiza raba za kuinulia kati ya mizunguko ya koili, au akaongeza jani kwenye springi za nyuma kama ilivyo desturi ya magari ya mizigo. Kimo hupatikana, lakini nyuma huwa ngumu kama ya pikapu isiyo na mzigo na gari huruka juu ya matuta. Agiza springi za kimo na ugumu unaofaa uzito halisi wa mbele, ukimwambia muuzaji kama injini ina vichwa vya alumini au vya chuma.

Ipo dalili moja ya shoki zinazorekebishika ambayo hupotosha hata mafundi wazuri. Gari hupita tuta moja bila shida, lakini kwenye matuta madogo ya mfululizo, kama yale yanayotangulia vivuko vya watu, huanza vizuri kisha huzama na kugonga. Sababu ni kwamba shoki imekazwa mno upande wa kurudi, hivyo gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta linalofuata, na gari hukaa chini zaidi kwa kila tuta. Mwenye gari hudhani springi ni laini na kununua ngumu zaidi. Legeza marekebisho ya kurudi hatua mbili mbili kwanza, na usiguse springi mpaka uone matokeo.

Kuhusu kimo, sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni mabomba ya ekzosi, ningeiacha isipungue milimita 120 kutoka ardhini. Wapo watakaosema gari halipendezi hivyo. Litapendeza zaidi likifika Ngong Racecourse kwenye Concours (mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri) bila ekzosi iliyobonyezwa.

Mtikisiko kwa mwendo

Uandike mwendo ambao mtikisiko huanza, kisha, kwenye barabara tupu na salama, weka gia huru na uache gari lijiendee. Ukitoweka papo hapo, tafuta kwenye injini na viegemeo vyake. Ukiendelea, ni magurudumu au propela, yaani fimbo ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma.

Magurudumu hutangulia: kubalansi, rimu iliyopinda kwa shimo, tairi lililoota bapa kwa kusimama muda mrefu. Rimu za kisasa zisizokaa katikati ya kitovu kwa usahihi pia hutikisa hata zikibalansiwa mara ngapi.

Mtikisiko unaokuja unapoongeza mafuta na kutulia unapoachia karibu kila mara ni pembe ya propela. Kushusha nyuma kwa vitalu (vipande vinavyowekwa kati ya springi na ekseli), au kubadilisha giaboksi, hugeuza pembe ya difu, yaani boksi la gia la ekseli ya nyuma. Kwa kipimapembe, pima mwinamo wa mkia wa giaboksi, wa propela na wa pua ya difu, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Pembe ya kila krosi (kiungo cha mwisho wa propela) iwe ndogo, kati ya nusu digrii na digrii 3 hivi, na mkia wa giaboksi na pua ya difu vielekee kuwa sambamba. Kwa springi za majani, pua hushushwa digrii 2 hadi 3 chini ya usambamba huo, kwa sababu springi hujipinda na kuiinua gari linapovuta. Marekebisho hufanywa kwa kabari za chuma kati ya springi na kitako cha ekseli. Kabari za alumini hupondeka. Tumia za chuma. Krosi iliyo na kutu ya unga mwekundu kando ya vifuniko vyake ibadilishwe kabla ya kupima pembe yoyote, na propela iliyopigwa au kuchomelewa ipelekwe kwa wenye mashine ya kuibalansi.

Nyuma inapigapiga unapokanyaga mafuta

Ekseli ikijipinda juu ya springi za majani na kurudi kwa ghafla, magurudumu huruka na kupiga lami. Camaro ya 1967 ilijulikana kwa hili kwa kuwa ilikuwa na springi za jani moja. Mwaka uliofuata shoki ziliwekwa moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, na matoleo yenye nguvu yakapata majani mengi. Kagua shoki za nyuma, bushi za jicho la mbele la springi, kisha nati za boliti-U zinazoshika ekseli, ambazo hulegea baada ya kazi mpya na zinapaswa kukazwa tena baada ya kilomita 100 hivi. Hayo yakiwa sawa, fimbo za kuzuia kujipinda ndiyo dawa. Kwa Chevelle, yenye koili na mikono minne, sababu kubwa ni bushi za mikono ya juu; usiweke poliyurethani ngumu hapo, kwani mikono hiyo imekaa kimshazari na inahitaji kujisokota, na ikikatazwa huvuta vishikio vyake mpaka vipasuke.

Mbele linakataa kona, au nyuma inatoka

Magari haya hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake mbele, kwa hiyo kukataa kona ni tabia yake ya asili. Ongeza kamberi hasi kidogo na kasta kabla ya kununua fimbo nene za kuzuia kuyumba. Nyuma ikianza kutoka ghafla baada ya kazi, shuku fimbo ya nyuma iliyoongezwa bila kufikiria ya mbele: iondoe na ujaribu tena, kwa sababu kwa gari lenye nguvu kwenye lami iliyolowa fimbo nene ya nyuma ni hatari. Kazi hii ya kujaribu ifanyike uwanjani palipofungwa, kamwe si kwenye barabara ya umma.

Milio

Mlio wa kukwaruza kila gari linapoinama ni bushi za poliyurethani zilizokauka. Hupakwa grisi ya silikoni, si ya petroli. Mlio mmoja wa kugonga unapoanza kuondoka au kufunga breki ni bolti iliyolegea. Bushi za raba zinazochanika mapema zilikazwa magurudumu yakining'inia, na hivyo raba ilisokotwa tangu siku ya kwanza. Bolti zake hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Breki baada ya kuweka diski

Pedali laini isiyokubali kutoa hewa yote mara nyingi husababishwa na kalipa (vifaa vinavyobana diski) zilizobadilishana pande, skrubu ya kutolea hewa ikawa chini. Iwe juu. Diski zinazokwama na kupata joto huashiria silinda kuu ya breki za ngoma iliyoachwa, ambayo ndani yake ina vali inayobakiza shinikizo kubwa kuliko diski inavyostahimili. Mustang zilizotangulia 1967 zina silinda kuu ya njia moja, ambapo bomba moja likipasuka breki zote hutoweka. Usiboreshe chochote kingine kabla ya kuweka ya njia mbili.

Pedali inayozama polepole unapoikanyaga, au gari linalogeukia upande breki zinapofungwa kwa nguvu, halipelekwi gereji kwa kuendeshwa. Liite gari la kubebea.

Milango imeacha kufunga vizuri, au kuna nyufa

Mustang na Dodge za wakati huo hazina chasisi kamili ya chini. Bodi ndiyo hubeba. Camaro ina fremu ya mbele iliyofungwa kwa bolti. Springi ngumu na matairi yanayoshika hupeleka nguvu kubwa kwenye chuma chenye umri wa zaidi ya nusu karne, na kutu hukifungulia njia. Tazama minara ya springi ya Mustang, hasa kando ya viegemeo vya mkono wa juu, vishikio vya boksi la usukani, na maeneo springi za nyuma zinapoungana na bodi. Safisha matope mekundu kwanza, kwa kuwa ufa mwembamba hujificha chini yake. Piga kwa kichwa cha bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu.

Vyuma vya kuunganisha chasisi ya mbele na ya nyuma ni boresho ninalolitetea kuliko mengi, lakini vikichomelewa gari likiwa limening'inia kwenye stendi za mbele na nyuma, hufungia ndani mpindo wa wakati huo, na mlango uliofunga asubuhi hugoma jioni. Gari liwe limesimama kwa uzito wake kwenye nafasi tambarare, milango imefungwa, mianya yake imepimwa na kuandikwa, betri imetenganishwa, na mazulia pamoja na mabomba ya mafuta yametolewa karibu na moto. Kuchomelea chasisi si sawa na kuchomelea lango. Nairobi ina mafundi wanaojua kazi hii kwa kiwango cha juu, hasa waliowahi kuandaa magari ya kale ya mbio za East African Safari Classic, ambayo yameshindanishwa tangu 2003. Watafute hao, uwaombe wakuonyeshe kazi zilizotangulia, na ukumbuke kwamba mazoea yao ni kuinua na kuimarisha kwa ajili ya vumbi, hivyo mweleze fundi mapema kwamba gari lako ni la lami.

Ufa wowote kwenye kishikio cha usukani, mkono wa springi au mnara wake, kutu iliyotoboa nguzo ya bodi, au mianya ya milango iliyobadilika kwa zaidi ya milimita 3 tangu kazi ilipofanywa, ni sababu ya kuliegesha gari. Mwite mtaalamu wa bodi alipime kwa vifaa vyake kabla ya mtu yeyote kuchomelea juu ya ufa huo, kwa kuwa ufa uliofunikwa huendelea kukua mahali usipoonekana.